Zamu ya Bibi Ghati

Kanuni ilikuwa moja, na kila mtu katika jumuiya aliijua: Bibi Ghati atakaa wiki mbili katika kila nyumba, na Jumapili ya pili, ibada ikishakwisha, atahamia nyumba inayofuata. Hakuna kuongeza wala kupunguza. Aliyechoka naye asiseme amechoka, na aliyemzoea asiseme amemzoea. Elieth Byabato ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na ni huyo huyo aliyekuja kuivunja mbele ya watu.

Bibi Ghati alikuwa Mkurya wa Tarime. Binti yake, muuguzi katika hospitali moja ya Maryland, alimleta Marekani amsaidie kulea watoto. Katika kiangazi cha mwaka 1998 binti huyo alifariki kwa ajali kwenye barabara kuu inayolizunguka jiji la Washington. Mkwe aliwachukua watoto, akahamia Texas kwa ndugu zake, akasema akishatulia atamfuata mama mkwe. Hakumfuata. Bibi angerudi Tarime mara moja, lakini kisukari kilikuwa kimemfungulia kidonda chini ya unyayo wa kushoto, na daktari alisema hapandi ndege mpaka kidonda kifunge.

Jumuiya yenyewe ilikuwa ya Watanzania na Wakenya waliosali kwa Kiswahili Jumapili mchana, katika ukumbi walioazimwa na kanisa moja la Landover, si mbali na uwanja mpya wa mpira. Siku za mechi magari yaliziba njia zote na mahubiri yakachelewa kuanza. Walikuwa watu wa kazi: wauguzi, watunza wazee, madereva, makarani, wanafunzi. Siku walipokutana kuzungumzia habari za Bibi Ghati, mwenyekiti wao Dunstan, mhasibu, Mchaga wa Machame, aliuliza nani angeweza kumchukua. Hakuna aliyeinua mkono. Hawakuwa watu wa roho mbaya. Kila mmoja alikuwa akikitazama moyoni chumba chake kimoja na kazi zake mbili.

Elieth akasimama. Akawakumbusha kwamba nyumbani, msiba ukiingia, hakuna nyumba inayoachiwa kupika peke yake. Wanawake hupeana zamu na wafiwa wanakula. Kwa nini Bibi asitunzwe hivyo hivyo? Akapendekeza wiki mbili mbili, akataja nyumba, akapanga nani atamfuata nani. Watu wakapumua. Hata Khalfan wa Herndon, Mwislamu wa Unguja ambaye hakusali nao, alipopata habari alipiga simu kudai naye apewe zamu. Dunstan alisema hiyo ndiyo faida ya kuwa na msomi katika jumuiya. Haukupita muda mrefu, watu wa Baltimore wakaja kuuliza mpango ule unaendeshwaje, na Dunstan akawaeleza akiwa amesimama wima, kama mtu anayesoma ripoti iliyokaguliwa ikaonekana safi.

Elieth alikuwa msomi kwelikweli. Alizaliwa Kagera, kando ya hospitali ya misheni ambako mama yake alifua mashuka, na waliokuwa wakiiongoza hospitali ile walikuwa wauguzi wa Kiswidi. Akiwa mtoto alicheza chini ya kamba za nguo, akawasikiliza wakiitana, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kusalimu, kukataa na kutukana kwa Kiswidi. Alipokua alifundisha katika chuo cha maendeleo ya wananchi, vile vyuo vilivyoanzishwa kwa kufuata mfano wa Uswidi, na kutoka hapo akapelekwa Uppsala kwa masomo ya juu. Huko ndiko alikouliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea kutoka kinywani mwake. Waswidi walikuwa wamekwisha kuchunguza ndoa za Wahaya, matambiko yao, mashamba yao, hata namna wanavyoivisha ndizi za pombe. Elieth alisema yeye angependa kuwachunguza Waswidi. Alitaka kujua hawa waliovuka bahari kuja kuwatunza maskini wa watu, wa kwao walikuwa wakiwatunzaje.

Kuna walioona ni utani. Haukuwa utani. Alijifunza kusoma mwandiko wa wachungaji wa karne mbili zilizopita, mwandiko ambao Waswidi wa leo wenyewe unawashinda, na akawa anasoma kumbukumbu za mikutano ya parokia za jimbo la Småland kama mtu anavyosoma habari za mtaani kwake. Alipohamia Washington kufanya shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha mtaa wa Shaw, profesa wake, Mmarekani mwenye sauti ya chini aliyeandika vitabu juu ya umaskini wa Ulaya, aliwaambia wenzake kwamba amepata mwanafunzi wa aina ambayo mwalimu humpata mara moja maishani. Watanzania waliosikia maneno hayo waliyarudia kila mahali, na walikuwa na haki ya kuyarudia.

Utafiti wake ulihusu desturi ambayo Waswidi waliiita rotegång. Katika vijiji vyao vya zamani, mzee asiye na mtu, au kilema, au mjane aliyeishiwa nguvu, alizungushwa. Mashamba jirani yaliunda kundi, na mtu yule akakaa siku kadhaa shamba hili, siku kadhaa lile, mwaka hadi mwaka, mpaka afe. Sheria ya mwaka 1918 ndiyo iliyoipiga marufuku desturi hiyo. Wanahistoria wengi wa Uswidi waliiandika kwa aibu. Elieth aliwapinga. Aliandika kwamba wao wanaitazama kwa macho ya watu waliozoea kutunzwa na ofisi, na kwamba yeye, aliyetoka katika nchi ambako watu hutunzana kwa zamu, anaona pale haki: mzigo uligawanywa, hakuna shamba lililoelemewa, hakuna aliyekufa njaa. Alipiga hesabu shamba kwa shamba akaonyesha jinsi zamu zilivyolingana. Hoja hiyo ilikuwa mpya, na ilikuwa yake. Kwa ajili ya hoja hiyo mfuko mmoja wa utafiti ulikubali kumpeleka Uswidi mwaka mzima kuanzia Januari 1999, akamalizie kazi katika nyaraka zenyewe, na chuo kimoja cha huko kikamwambia kwamba akirudi na tasnifu iliyokamilika kwa wakati, nafasi ya kufundisha itakuwa yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku Bibi Ghati alipofika kwake, katikati ya Novemba. Zamu ya Elieth ilikuwa ya mwisho kabla ya mzunguko kuanza upya. Aliishi na Bilha, mtunza wazee kutoka Kakamega, katika ghorofa ya chini kabisa ya nyumba ya matofali huko Shaw, mahali ambapo dirishani waliona miguu tu ya wapita njia. Domina, aliyekuwa amemaliza zamu yake, alimleta Bibi na begi lake, akamkumbatia, akaondoka kwenda kazini.

Bibi aliliweka begi nyuma ya mlango na hakulifungua. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu zaidi na mlango. Elieth akamwamkia, akampa chai, akamwonyesha kitanda. Bibi alishukuru kwa chai, akashukuru kwa kitanda, akashukuru kwa taa iliyowashwa. Kisha akamtazama Elieth kwa makini, kama mfanyakazi mgeni anavyomtazama msimamizi.

“Niambie mapema, mwalimu, ili nisikukosee,” akasema. “Hapa kwenu ni kitu gani hakifanywi?”

Elieth hakumwelewa. Bibi akamweleza bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kwa Dunstan maji ya bafuni hayafunguliwi kabla watoto hawajaenda shule. Kwa Waringa televisheni haizimwi, hata kama hakuna anayeitazama. Kwa Khalfan viatu vinabaki nje, na mbwa wa jirani hasemeshwi. Kwa Domina usimtaje marehemu mezani, maana Domina alikuwa rafiki wa marehemu na chakula kinamshinda.

“Marehemu gani?” Elieth akauliza.

“Binti yangu,” akasema Bibi. “Nimezijua zote. Ila nazichanganya. Nilipotoka kwa Khalfan kwenda kwa Domina nilisahau nimehama, nikaacha viatu nje usiku kucha. Mvua ikanyesha. Asubuhi niliona haya kumwambia, nikavivaa hivyo hivyo vikiwa vimelowa.”

Bilha, aliyekuwa akipiga pasi sare yake, alicheka kidogo habari za mbwa, lakini aliposikia habari za viatu alizima pasi. Akapiga magoti, akafungua kitambaa cha mguu, akaangalia. Alikuwa amewauguza wazee wa watu kwa miaka minne na hakuhitaji kuambiwa alichokiona.

“Hiki kidonda kimerudi nyuma, Elieth,” akasema. “Kila nyumba ilikifunga na mkono wake. Ona hapa.”

Elieth akamwambia Bibi kwamba hapa kwao hakuna kisichofanywa, ajisikie nyumbani. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza.

“Kila nyumba inacho, mwanangu. Ni vile wewe hujakijua.”

Siku zilizofuata Elieth aliendelea na kazi yake. Kanisa la Wamormoni lilikuwa na kituo cha historia za koo huko Kensington, na kwa kuwa wao hupiga picha nyaraka za parokia za dunia nzima, mtu aliweza kuagiza filamu za vijiji vya Småland na kuzisoma pale pale Maryland kwenye mashine. Elieth alikuwa ameagiza filamu za parokia moja aliyoifahamu vizuri. Alizipitia upya kuhakikisha tarakimu za sura ya tatu.

Humo mlikuwa na habari aliyoisoma zamani na kuiweka katika tanbihi. Mjane mmoja mzee alikutwa amelala katika ghala la shamba ambalo halikuwa na zamu siku hiyo. Alipoulizwa alisema alisahau zamu ni ya nani. Mwenye shamba alimwacha alale mpaka asubuhi, kisha akampeleka kunakohusika. Elieth aliitumia habari hiyo kama ushahidi wa wema: jirani hakumfukuza. Sasa aliisoma tena, mkono ukiwa umeshika kishikio cha mashine, na hakukizungusha.

Alikuwa amehesabu mashamba. Alikuwa amehesabu siku, magunia ya shayiri, umbali kati ya ua na ua. Katika sura tatu hakuwa amemhesabu mtu aliyekuwa akizungushwa. Hakuwa amejiuliza mzee yule alilazimika kujua makatazo ya nyumba ngapi, na viatu vyake aliviacha wapi. Na lililomuuma zaidi, hakuweza kujitetea kwamba hajui. Mwanahistoria wa Uswidi aliyezaliwa Uswidi angeweza kusema mambo hayo ni ya kale, hakuna aliyeyaona. Elieth alikuwa ameyaona. Alikuwa ameyapanga yeye mwenyewe huko Landover, akapigiwa makofi.

Mtu mwingine angefunga mashine akaenda kula. Wako wasomi wa kutosha duniani ambao elimu yao inawahusu wafu tu. Elieth hakuwa hivyo, na ndiyo sababu ya kuandika habari zake. Alirudi Shaw jioni ile, akamkuta Bibi ameketi kwenye kiti kile kile cha karibu na mlango, begi likiwa limefungwa, na kabla hajavua koti alikuwa amekwisha kuamua.

Jumapili ya kuhama ilifika. Ibada ikaisha, watu wakasimama na vikombe vya chai, na Dunstan, ambaye sasa ilikuwa tena zamu yake, akaja akichezea funguo za gari. Alikuwa na furaha. Alimwambia Bibi twende, mke wake ameshatandika.

“Mwenyekiti, Bibi haendi,” akasema Elieth.

“Haendi kivipi? Zamu si yangu?”

“Ni yako. Lakini zamu zimekwisha. Atabaki kwangu mpaka mguu upone.”

Dunstan alidhani anatania, akatazama pembeni kutafuta wa kucheka naye. Elieth akawaeleza mbele ya wote. Aliwasimulia habari za vijiji vya Uswidi, za wazee waliozungushwa kutoka ua hadi ua, na akasema kwamba watu wale walikuwa Wakristo wema waliowalisha maskini wao, nao waliuita mpango ule huruma. Akasema kwamba kwa muda mrefu yeye naye aliuita huruma. Hakuwataja kwa majina waliomfanya Bibi ajifunze makatazo yao. Alisema tu kwamba kidonda kimerudi nyuma, na sababu ni zamu.

Ukumbi ulichemka. Waringa alitaka kujua Bibi alinyimwa nini kwake, kama hakula akashiba. Elieth akajibu kwamba alikula akashiba. Mtu mmoja nyuma akasema ati siku hizi kumlisha mtu ni kosa. Dunstan alisubiri wanyamaze, kwa sababu alikuwa mtu wa vikao na alijua wakati wake.

“Ndugu zangu, leo tumejua sisi ni nani,” akasema. “Sisi ni wakulima wa Uswidi.” Watu wakacheka. “Tunamtunza mama yetu, kumbe tunapitisha ombaomba. Sasa naomba nimuulize mwalimu. Mpango huu ni wa nani? Aliyesimama hapa hapa kuupendekeza si wewe?”

“Ni mimi,” akasema Elieth. “Niliupanga vibaya.”

“Haya. Na Januari unakwenda Uswidi, kila mtu anajua. Bibi utamwachia nani? Bilha anayefanya kazi usiku? Au utamrudisha kwetu tuanze zamu upya?”

Hilo ndilo lililokuwa swali, na Dunstan alilijua. Bilha aliinamisha uso. Elieth alikuwa amekwisha kulijibu moyoni, lakini hakuwa amelitamka mbele ya mtu yeyote.

“Siendi.”

“Elieth, wacha wazimu,” akanong'ona Bilha.

“Siendi Uswidi. Bibi anabaki kwangu, kama mwenyewe anataka. Muulizeni.”

Hakuna aliyekuwa amewaza kumuuliza. Watu wote wakamgeukia Bibi Ghati, aliyekuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na begi likiwa miguuni kwake. Alikunywa chai iliyobaki kwanza.

“Nchi hii mmeniuliza mengi,” akasema. “Mmeniuliza sukari imepanda au imeshuka. Mmeniuliza nile wali au ugali. La kukaa wapi hamkuniuliza. Sasa mmeniuliza.” Akaweka kikombe chini. “Nyote mlinilisha. Sina nyumba ya kuisema vibaya, na Mungu awabariki. Ila nimechoka kushukuru. Nataka nikae mahali mpaka nigombane na mwenye nyumba, halafu kesho yake tunywe uji pamoja.”

Hakuna aliyepiga makofi. Domina alianza kulia, akatoka nje. Dunstan alitia funguo mfukoni, akawatakia watu Jumapili njema, akaondoka bila kumpa Elieth mkono. Alikuwa ameaibishwa katika jambo jema kuliko yote aliyoyasimamia, na si haki kumcheka. Lakini si kila jambo jema ni jema kwa anayetendewa, na mtu mzima hana budi kulisikia hilo hata likimuuma.

Garini, Bilha akiendesha, Bibi alitazama nje mpaka walipovuka mto.

“Mimi sikukuomba uache safari yako,” akasema.

“Najua, Bibi.”

“Basi usije ukanidai shukrani.”

“Sitakudai.”

Siku iliyofuata Elieth alikwenda kwa profesa wake. Profesa alidhani amekuja kuaga mapema. Elieth akamwambia mambo mawili: haendi Uswidi, na anaifuta hoja ya tasnifu. La kwanza profesa alilielewa, akatafuta njia. Labda aende miezi sita. Labda mfuko usubiri. Elieth akasema amekwisha kuwauliza. Mfuko hausubiri, nafasi itapewa mwingine. Na miezi sita ni zamu kama zamu nyingine.

La pili profesa hakulipokea kwa urahisi. Aliketi, akaeleza kwa upole kwamba hoja haijawa ya uongo kwa sababu imeonekana ina upungufu. Tarakimu zote ni sahihi. Elieth anaweza kuiandika kama ilivyo, apate shahada, kisha aje airekebishe katika kitabu baadaye. Wengi hufanya hivyo, na hakuna anayewalaumu.

“Unaelewa kwamba hoja hii ndiyo iliyokufikisha hapa?” akauliza.

“Ndiyo maana siwezi kuiacha isimame,” akasema Elieth. “Nimeandika kwamba mzigo uligawanywa kwa haki. Ni kweli. Lakini mzigo wenyewe ulikuwa mtu, na mimi sikumwandika.”

 Mwishowe profesa akasema atamwongoza katika kazi mpya kama alivyomwongoza katika ile ya zamani, ila hatamdanganya kuhusu muda itakaochukua. Elieth akamshukuru, akatoka, akashuka ngazi. Kwenye kituo cha treni akakaa kwenye benchi na kuziacha treni mbili zipite.

Majira ya baridi yaliwakuta watatu katika chumba kile cha chini. Bilha alirudi kutoka shifti asubuhi, akasafisha kidonda kabla ya kulala, mkono ule ule kila siku, maji ya chumvi yale yale. Elieth alifundisha vipindi vyake, akaenda Kensington siku alizoweza, akarudi kupika. Mke wa Dunstan alikuwa akileta sufuria ya mtori wa ndizi kila Jumamosi, akamwachia Bibi na kuondoka, mumewe hakuja. Khalfan alikuja mara moja na viatu vipana alivyovitafuta Virginia nzima, akaviweka mlangoni, akasema hivi ni vya ndani, Bibi, hata kwangu vinaruhusiwa kuingia.

Ugomvi ulikuja wiki moja kabla ya Krismasi. Ulikuwa juu ya chumvi. Bibi alisema Elieth anapika kama hospitali. Elieth akasema anapika kama daktari alivyoagiza. Bibi akasema daktari na aje ale. Walinuniana mpaka walipolala. Asubuhi walikunywa uji pamoja, na Elieth aliporudi jioni alikuta begi halipo nyuma ya mlango. Nguo zilikuwa kwenye droo, na picha ya binti yake marehemu, yenye fremu ya shaba, ilikuwa imewekwa juu ya meza ambapo wote wangeiona wakila.

Tangu siku hiyo Bibi alianza kuuliza habari za Waswidi. Elieth alimsimulia aliyoyasoma, na Bibi alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ukoo wa mkwe wake, akilaumu huyu na kumtetea yule. Siku moja alimuuliza yule mama wa ghalani alifanywa nini hatimaye.

“Alirudishwa kwenye zamu.”

“Basi uandike kwamba alikuwa na akili timamu. Kusahau zamu si wazimu.”

“Hilo silijui, Bibi. Parokia haikusema. Siwezi kuandika nisilolijua.”

Bibi alifikiri. “Na kwamba hawakumuuliza anataka kulala wapi, hilo unalijua?”

“Hilo nalijua.”

“Haya.”

Elieth aliandika kuanzia hapo. Kazi mpya ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa waliozungushwa hawakuacha maneno mengi, na nyaraka ambazo zingemsaidia zilikuwa ng'ambo ya bahari, mahali ambapo mwanafunzi mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alitafuta katika filamu kila mahali ambapo mzee alichelewa, alipotea, alikataa kuondoka, aliugua njiani. Aliwapa majina yao. Palipokosekana jina, aliandika kwamba jina halikuandikwa. Profesa aliposoma kurasa za mwanzo alimwambia kwamba kazi hii ni pungufu kuliko ile ya kwanza, na ni ya kweli zaidi. Elieth hakuona sababu ya kubisha sehemu yoyote ya sentensi hiyo.

Kidonda kilifunga mwezi wa Mei. Daktari alikigusa, akakibonyeza, akamruhusu Bibi asafiri. Mwezi wa Juni, mwaka 1999, Bibi Ghati alitembea kwa miguu yake miwili katika uwanja wa ndege wa Dulles, akiwa amevaa viatu vya Khalfan na kukataa kiti cha magurudumu kilicholetwa na mhudumu. Alimshika Elieth mkono, akamwambia apunguze kusoma na aongeze chumvi. Hakushukuru. Elieth alisimama pale kwenye kioo mpaka ndege iliporuka, na yeyote aliyemwona angedhani ni mtu aliyepokea tuzo.

Mwaka ule ulipokwisha, tasnifu ilikuwa bado nusu. Ile nafasi ya kufundisha Uswidi ilipewa mtu mwingine, na Dunstan alikuwa bado hamsemeshi. Mguu mmoja wa mama wa Tarime ulimgharimu Elieth Byabato mwaka wa Uswidi, hoja aliyoijenga kwa miaka mitano, kazi aliyoahidiwa, pamoja na rafiki mmoja.